Maman Sambaza na Mtu wa Ndani ya Maji

Jirani yetu hali samaki. Naanza na hilo kwa sababu yeye ndiye anayeuza sambaza wazuri kuliko wote katika soko la Kamembe, na wanaomjua kwa mara ya kwanza hudhani anatania. Hatanii. Samaki hao wadogo wa ziwa Kivu hupita mikononi mwake kutwa nzima, beseni kwa beseni, wabichi na wakavu, na jioni nyumbani kwake kunapikwa maharage. Mimi nimekulia ukuta wa pili, na harufu ya sambaza wanaoanikwa uani kwake niliijua kabla sijajua kusoma. Sijawahi kumwona akionja hata mmoja.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui vizuri, na yeye hapendi kuulizwa. Mtaani tunamwita Maman Sambaza, na watoto wa siku hizi wanafikiri hilo ndilo jina lake la ubatizo.

Kazi yake anaijua. Tilapia akiletwa mbele yake humtazama jicho kwanza, kisha humfunua shavu, na kabla mvuvi hajafungua mdomo yeye ameshasema samaki huyu alitoka majini lini. Wateja nao huwasoma vilevile. Kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye tabia ya kubonyabonya kila samaki mezani na kuondoka bila kununua. Siku moja Maman Sambaza alimwangalia mpaka akamaliza, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza nyanya:

“Papa mwalimu, umemufinya ya kutosha. Kama unamuoa, leta mahari. Kama hapana, muache apumuzike.”

Mwalimu akanunua kilo mbili. Tangu siku hiyo ni mteja wake wa kudumu, na hutoa salamu kwanza.

Ana ulimi mkali na mkono laini, na sijui kama yeye mwenyewe anajua kwamba vitu hivyo haviendani. Atakutukana kwa sababu ya mfuko uliotoboka, kisha jioni utasikia ametuma sambaza kwa mwanamke aliyejifungua ambaye hata hajuani naye. Mama yangu alipolazwa, alikuja hospitali kila siku na chungu cha uji, akaugombeza uji wa hospitali, akawagombeza manesi, akamgombeza na mama yangu kwa kuumwa wakati wa mvua. Mama alikuwa akicheka mpaka mshono unamuuma.

Asubuhi nyingi huvuka mpaka kutoka Rwanda kwenda Bukavu, Kongo, kuuza, na mara nyingi nimevuka naye. Hapo darajani, ambapo mto Rusizi unatoka ziwani, hubadilika kabisa. Huanza kuongea kwa sauti, juu ya jambo lolote lile, bei ya mkaa, mahubiri ya Jumapili, viatu vya mtu aliye mbele, na haachi mpaka tumefika upande wa pili. Nilipokuwa msichana nilidhani ni uchangamfu. Baadaye nilielewa kwamba hataki kusikia maji.

Mume wake alipotea ziwani. Alikuwa akipeleka magunia ya mchele wa Bugarama, bonde letu la joto, kisiwani kwa mtumbwi wa mota, mchana, hali ya hewa nzuri. Saa tisa alasiri upepo ukageuka na mtumbwi ukapinduka. Watu wawili waliogelea wakafika pwani, na ndio waliosema ilikuwa saa tisa. Wengine waliletwa na maji mmoja mmoja katika wiki ile. Yeye hakuletwa. Nilikuwa na miaka saba, na bado nakumbuka wanaume wa mtaa wakirudi kutoka ufukweni wakiwa hawamtazami mtu usoni.

Kwa kuwa maiti haikuonekana, Maman Sambaza alikataa matanga. Alikataa kuvaa nguo ya msiba, alikataa kunyolewa nywele, akawarudisha wanakwaya waliokuja kulala kwake. Mchungaji alipokosea kanisani akaomba dua kwa ajili ya “mjane wetu huyu,” aliinuka katikati ya sala, akachukua Biblia yake na kitenge chake, akaenda nyumbani. Alihamia kanisa lingine. Na mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu, alipopita na daftari kuandikisha familia, alimjibu akiwa anachambua sambaza bila kuinua kichwa:

“Andika bwana iko safari.”

“Safari ya wapi, Maman?”

“We andika. Barabara haikuhusu.”

Kila Krismasi humnunulia mume wake shati jipya. Shati la mwaka uliopita, ambalo halijavaliwa na mtu, humpa jirani yeyote ambaye shingo yake inalingana. Kwa namna hiyo nusu ya wanaume wa mtaa wetu wamevaa mashati ya mtu asiyekuwepo, na baba yangu anayo matatu. Tulizoea. Tulimzoea mno, na katika kuzoea huko tukasahau kuwa mwanamke yule alikuwa anaumia. Nasema hivi kwa aibu.

Aliyelipa gharama ya kungoja kule alikuwa Furaha, binti yake pekee. Furaha alichumbiwa na Janvier, kijana wa Gitambi, mpole, dereva, mtu ambaye mama yeyote angefunga naye mkataba siku ya kwanza. Wazee wa Janvier walikuja mara mbili kuleta maneno ya mahari. Mara zote mbili Maman Sambaza aliwakaribisha vizuri, akawapikia kuku, akawapa Fanta, na walipofika kwenye maneno yenyewe akawaambia mwenye mtoto hayuko, akirudi atawaita. Shemeji yake alijitolea kukaa mahali pa baba, kama ilivyo desturi baba anapokuwa amefariki. Alimfukuza.

“Kiti ya muntu haikaliwe na mwingine wakati mwenyewe iko njiani,” alimwambia. “Unataka akirudi akute nini?”

Wapo wengi siku hizi wanaohamia pamoja bila mahari, na hakuna anayeshangaa. Furaha hakutaka. Alisema hatatoka nyumbani kwa mama yake kama mwizi. Akaenda Dubai kufua mashuka ya hoteli, na Janvier akamfuata kule akapata kazi ya udereva, wakawa wanaishi mitaa miwili tofauti kama wachumba wa enzi za kale. Furaha alikuwa ametimiza miaka thelathini na minne.

Mimi nafuata mzigo Dubai mara mbili kwa mwaka, vitenge na viatu vya watoto. Kabla ya safari ya mwaka jana Furaha alinipigia simu. Alikuwa ametuma tiketi, alitaka nimlete mama yake nikienda.

“Dada, hii ni mara ya mwisho,” aliniambia. “Familia ya Janvier imechoka. Wameshaanza kumtajia msichana mwingine kule Gitambi. Mama nitamuuliza uso kwa uso. Akikataa tena, namuachilia Janvier aende.”

Nikamwambia sawa. Nilikuwa na hasira na mama yake, hasira ya kweli, na nilipanda naye basi la Kigali nikiwa nimenuna. Haikusaidia kitu. Katika msitu wote wa Nyungwe aliongea bila kituo, akawalisha sambuse abiria wa mbele na wa nyuma, na tulipofika Kigali dereva alikuwa anamwita mama.

Dubai haikumtisha. Ngazi za umeme alizipanda kama amezaliwa juu yake, na joto akasema ni la Bugarama tu lililovaa suti. Furaha alikuwa na siku moja ya mapumziko katika wiki, na akapanga tuanze kwa kumfurahisha mama, halafu jioni, baada ya chakula, amuulize. Akachagua akwariomu, nyumba kubwa ya samaki iliyo ndani ya jengo la maduka, yenye wanyama wengine ghorofani. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mama ni mtu wa samaki, atafurahia samaki. Hata mimi niliona ni wazo zuri. Tulikuwa tumeishi na uongo wa ile safari ya bwana kwa muda mrefu kiasi kwamba sote watatu, mimi na Furaha na Janvier, tulimpeleka mke wa mtu aliyezama kwenye nyumba ya maji na wala hatukukumbuka.

Tulianza ghorofani, na pale alikuwa yeye mwenyewe. Mamba alilala chini ya taa ya joto, mkubwa, ametulia, naye akamtazama sana.

“Huyu hafanye kazi yoyote,” alisema. “Analala, banamuletea nyama. Furaha, uliza kama banaandika bengine.”

Ndege wa barafu, wale wanaotembea wima, aliwasalimia mmoja mmoja akiwaita mashemasi. Walitembea kama watu wanaokwenda kukusanya sadaka, kwa hiyo sikuweza kumbishia. Mbele ya fisi maji, wale wanyama wadogo wa manyoya wanaoogelea, alisimama muda mrefu akawasifu kwa jinsi wanavyokula samaki kuanzia kichwani. Janvier alicheka mpaka akajifuta macho. Nilimwona Furaha akimwangalia Janvier anavyocheka na mama yake, na moyo ukaniuma, kwa sababu nilijua anachokihesabu.

Kisha tukashuka chini, kwenye tangi kubwa. Unapita ndani ya njia ya kioo, na maji yako pembeni na juu ya kichwa, samaki wakubwa kama milango wanakupita juu. Maman Sambaza alisimama mlangoni.

“Mi nitabangojea hapa.”

“Mama, ni kioo,” Furaha alisema. “Kizito hivi. Hakuna tone linalopita.”

“Nimesema nitabangojea.”

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ilinipata ghafla, nikaona aibu ikinipanda mpaka masikioni, na nilitaka kumshika mkono nimrudishe kwa mamba wake. Lakini alikuwa ameona watoto wadogo wanaingia, wengine wamebebwa, na kiburi chake hakikumruhusu. Akajifunga kitenge upya kiunoni, akanishika kifundo cha mkono, tukaingia.

Alianza kuongea, kama pale darajani. Huyu samaki ana kilo themanini, utamukata na nini. Yule jicho lake nzuri, hana hata siku moja ya ugonjwa. Ule mubapa, Mungu alimusahau chini ya gurudumu. Aliongea haraka na kucha zake zilikuwa ndani ya ngozi yangu. Tulikuwa tumefika karibu na katikati, sauti yake ikakatika.

Chini kabisa, kwenye mchanga, alikuwepo mtu. Amevaa nguo nyeusi, amelala kifudifudi kando ya jiwe, mkono mmoja umenyooka. Nywele zake zilikuwa zinacheza na maji.

“Muntu,” alisema, kwa sauti ndogo. Halafu akaniachia mkono, akakimbilia kioo, akaanza kukipiga kwa viganja vyote viwili. “Muntu! Muntu iko mu mayi! Mumutoshe! Muko naangalia nini? Muntu anakufa na muko napiga picha! Mumutoshe!”

Watu walisogea nyuma. Mtoto mmoja alianza kulia. Mlinzi alikuja mbio, na Janvier, ambaye Kiingereza chake ni kizuri kuliko chetu, akamsikiliza kisha akamgeukia mama mkwe wake asiyekuwa mama mkwe bado.

“Maman, ule muntu iko kazini. Anasafisha. Anapumua, angalia mapovu.”

Hakumsikia. Alipiga mpaka mtu yule akageuka. Alikuwa amejilaza vile ili asugue jiwe kwa brashi. Alituona, akaacha brashi, akaogelea mpaka kwenye kioo, mapovu yakitoka mdomoni kwake, akaweka kiganja chake upande wa pili wa kiganja cha Maman Sambaza. Kisha akampungia, kama anavyowapungia watoto kila siku, akarudi kazini.

Maman Sambaza alikaa chini, hapo hapo, sakafuni. Furaha akapiga magoti kando yake akilia na kusema mama nisamehe, mama tutoke. Yeye hakuwa analia.

“Sitoke mpaka atoke,” alisema.

Tulijaribu. Hakuna aliyeweza kumsogeza. Ni Janvier aliyeacha kumbembeleza akaenda kuongea na mlinzi, na mlinzi akaongea kwenye redio yake, na hatimaye mwanamke mmoja wa pale, mwenye huruma, akatupeleka juu kwa ngazi, mahali ambapo tangi liko wazi na wazamiaji hutokea. Tukangoja. Mimi sikuwa na hasira tena. Nilikuwa naogopa, ingawa sikujua naogopa nini.

Maji yakachemka kidogo, na mtu yule akatoka. Alishika ngazi, akapanda, akavua barakoa ya kioo. Alikuwa mtu mzima, mvi kidogo, alama nyekundu kuzunguka macho, anatiririka maji. Akakohoa. Maman Sambaza alimwendea akamgusa mkono juu ya kiwiko, kama anavyomgusa samaki kuona kama ni wa leo. Mtu yule alimwacha amguse.

“Janvier,” alisema bila kugeuka. “Muulize. Ile chupa ya mugongo. Kama haiko, muntu anaweza kaa mule chini muda gani?”

Furaha akamshika Janvier mkono. Nilijua alichotaka. Alitaka apunguze, aseme sijui, aseme inategemea. Mimi pia nilitaka hivyo, na ningekuwa mimi ningedanganya, kama tulivyofanya mtaa mzima tangu nikiwa na miaka saba. Janvier alimtazama Furaha, akaachia mkono wake taratibu, akauliza. Mzamiaji alijibu kwa maneno machache.

“Anasema dakika tatu, Maman,” Janvier alisema. “Aliyezoea sana anaweza kuzidisha kidogo. Muntu wa kawaida, dakika tatu. Hata hazifike.”

“Tatu.”

“Ndiyo, Maman.”

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayethibitisha bei. Akamshukuru mzamiaji kwa Kifaransa, akamwambia avae kitu kikavu asije akapata baridi, na Janvier akatafsiri hilo pia. Tulipofika nje, kwenye joto, ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, amesimama kando ya maegesho ya magari, akimwita mumewe kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Hatukumnyamazisha. Furaha alimshika upande mmoja na Janvier upande mwingine, na alipomaliza alijifuta uso kwa pindo la kitenge akamwambia Janvier:

“Wewe hukunipunguzia. Benzako bote balinipunguzia.”

Jioni ile Furaha hakumuuliza kitu. Alisema hana moyo. Tulirudi Rwanda na swali likiwa bado halijaulizwa, na njia nzima kutoka Kigali Maman Sambaza alilala, kichwa chake begani mwangu, mzito.

Matanga yalifanyika mwezi uliofuata, bila jeneza. Wanakwaya wa kanisa lile la kwanza walikuja, na mchungaji, mzee sasa, akaomba msamaha mbele ya watu. Karatasi za serikali zilichukua muda zaidi. Mahakama ilitaka mashahidi wa kifo, na baba yangu akaenda, na mmoja wa wale wawili walioogelea akaenda.

Nilimwona mara ya mwisho kabla sijaandika haya siku tulipofuata karatasi yenyewe, cheti cha kifo, ofisini. Aliniomba nimsindikize. Alivaa nguo ya kanisani na alikuwa kimya tangu nyumbani, jambo ambalo kwake ni kama homa. Karani alikuwa msichana mdogo mwenye adabu. Akaandika jina la marehemu, akaandika tarehe kutoka kwenye hukumu, akageuza karatasi ili Maman Sambaza aweke kidole.

“Na saa,” alisema Maman Sambaza.

“Hakuna nafasi ya saa, Maman.”

“Andika pembeni. Mutumbwi ulipinduka saa tisa. Andika saa tisa na dakika tatu.”

Karani alinitazama. Nikamwambia aandike. Akachukua kalamu akaandika, pembeni, kwa herufi ndogo nzuri, na Maman Sambaza akasubiri wino ukauke kabla hajaweka kidole chake.

Nje jua lilikuwa kali na pikipiki zilikuwa zinagombania abiria. Alikunja karatasi mara nne akaiweka ndani ya Biblia, akaniomba simu yangu kwa sababu yake haikuwa na vocha, akampigia Furaha. Nilisikia upande mmoja tu, lakini alipiga kelele kiasi kwamba hata waendesha pikipiki walisikia.

“Furaha. Omba konje kazini, ukuye. Muambie Janvier alete bazee yake... Ndiyo, nimesema ndiyo. Wacha kulia, uko kazini.” Akasikiliza, akakunja uso. “Kiti ya baba? Shemeji wa nini? Ile kiti nitakaa mi mwenyewe. Nilikulisha, nilikusomesha, sasa nitashindwa kukaa? Bazee ya Gitambi bajipange vizuri. Batakuya kuongea na mwanamuke.”